Kilichopotea si Viti, ni Nafasi ya Kukaa

Kuna maombolezo yaliyozoeleka Dar es Salaam, na huanza upya kila jengo la zamani linapovunjwa Posta au Uhindini. Picha ya kale husambazwa: meza za marumaru, pangaboi linaloning'inia kutoka dari refu, kabati la kioo lenye sambusa na kababu, wanaume wenye mashati yaliyonyooshwa wakinywa chai bila haraka. Kisha hufuata hukumu ile ile. Mji umepoteza roho yake. Vijana wa leo hawana ladha. Zamani tulikuwa na ustaarabu. Na dawa inayopendekezwa haibadiliki: turudishe mandhari yale, tufungue mikahawa yenye sura ya kale, ili tusisahau tulikotoka.

Napinga maombolezo hayo, na nayapinga kwa sababu naupenda mji huu. Waombolezaji wanalia kwenye kaburi lisilo lenyewe. Mikahawa ile haikuuawa na ladha mbovu ya vijana, wala haitafufuliwa kwa kununua viti vya mtindo wa zamani na kutundika picha ukutani. Iliishi kwa sababu mtu wa kipato cha kawaida aliweza kupanga chumba katikati ya mji, na mwingine wa kipato kama chake aliweza kukaa humo saa mbili kwa bei ya kikombe kimoja cha chai. Nafasi hiyo ya kukaa ndiyo iliyokufa. Tukiendelea kulilia samani, tutaletewa samani, na waliokuwa wakizikalia watabaki nje.

Tuanze na huo ustaarabu unaotajwa. Tangu kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891, Dar es Salaam ilipangwa kwa kutenganisha aina za nyumba, na kwa kutenganisha nyumba ikatenganisha watu. Waingereza wakaukamilisha mpango huo: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi kuwa mpaka. Ukumbi mzuri wa hoteli ya Kaiserhof haukujengwa ili bibi na babu zetu wapumzikie humo. Waliingia kwa mlango wa nyuma wakiwa wapishi, madobi na waandazi. Kwa miaka mingi ya ukoloni, hata kinywaji kilichouzwa kwenye kumbi kama hizo Mwafrika hakuruhusiwa kuuziwa kama Mzungu alivyouziwa; sheria za vileo zilikuwa na rangi ya ngozi ndani yake. Anayesema "zamani tulikuwa na ustaarabu" huku akionyesha picha ya ukumbi wa aina hiyo, ajiulize nani kati yetu alikuwa amekaa na nani alikuwa amesimama na sinia mkononi.

Hapo hapo kuna jambo ambalo maombolezo huliruka, na kwangu ndilo kiini. Kaiserhof ya Wajerumani ndiyo iliyokuja kuitwa New Africa. Baada ya uhuru, Dar es Salaam ikawa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. FRELIMO ya Msumbiji iliundwa hapa mwaka 1962, na mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikaweka makao yake makuu hapa. Baraza la New Africa likajaa wanasiasa, waandishi wa habari, mabalozi na watu waliokimbia tawala za Wareno na makaburu, kila mmoja akitafuta habari na kuuza habari. Mahali palepale palipokuwa ngome ya ubaguzi pakawa mojawapo ya vijiwe vikubwa vya siasa katika bara hili. Hapakubadilika kwa sababu ya mapambo. Palibadilika kwa sababu waliokuwa wamefungiwa nje waliingia na kuketi. Jengo hilo la kale halipo tena. Hoteli yenye jina hilo leo ni jengo jipya. Nikiulizwa tumepoteza nini pale, jibu langu la kwanza ni watu waliokutana pale, na uwezo wao wa kukutana.

Najua nitajibiwa kwamba wengi hawalilii hoteli za Wazungu. Wanalilia migahawa ya Uhindini na pembezoni mwa Kisutu, ambako Mhindi, Mwarabu, Mswahili na karani kutoka bara walikunywa chai pamoja. Jibu hilo ni la haki, na kumbukumbu hiyo naiheshimu. Basi tuulize kwa nini migahawa hiyo ilidumu, na kwa nini ilikoma. Hatutaona jibu kwenye rangi ya kuta. Tutaliona kwenye risiti za pango.

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Sehemu kubwa ya majengo hayo ilikuwa ya familia za Kihindi, yale yenye jina la ukoo na mwaka wa ujenzi vilivyochongwa juu ya paa, duka chini na makazi juu. Waliojenga kwa akiba ya vizazi walijikuta wapangaji katika nyumba zao wenyewe, na wengi wakaondoka nchini. Dhuluma hiyo lazima itajwe, maana starehe tunayoikumbuka ilijengwa kwa sehemu juu ya hasara ya watu wengine. Lakini matokeo yake kwa mwenye mkahawa yalikuwa haya: pango likawa dogo na likakaa dogo. Mpangaji alijua mwakani atakuwa palepale. Alimfahamu mteja wake, alimkopesha hadi mwisho wa mwezi, na hakumwangalia saa.

Pango dogo lilikuwa na ubaya wake pia. Makusanyo hayakutosha kukarabati. Mabomba yalivuja, plasta ikabanduka, ngazi za mbao zikaliwa na mchwa, umeme ukaunganishwa ovyo. Rangi iliyochakaa ambayo leo inapigwa picha na kusifiwa ilikuwa dalili ya jengo lisilotunzwa. Tunaoutamani wakati ule tunautamani pamoja na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ndio uliotoa hoja ya kubomoa ulipofika wakati wa kubomoa.

Wakati huo ulikuja kwa hatua. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Uchumi ulikuwa umefunguliwa, na ardhi ya katikati ya mji ikaanza kuhesabiwa kwa bei ya soko. Mwaka 2005 sheria iliyokuwa ikidhibiti pango ikafutwa. Ikafuata miradi ya ubia: umma unatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, jengo la ghorofa mbili au tatu linavunjwa, mnara wa vioo unapanda. Mpangaji wa zamani hupewa notisi. Akitaka kurudi kwenye jengo jipya, hukuta fremu zinadaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mara nyingine kilemba juu yake.

Sasa tufanye hesabu ya mkahawa, kwa mfano tu. Una meza 10. Mteja anakaa saa mbili kwa chai ya maziwa na bajia. Kwa pango dogo, biashara inasimama, kwa sababu huyo huyo atarudi jioni na rafiki zake watatu. Pango likipanda mara nne, mwenye mkahawa ana njia tatu. Apandishe bei ya chai mpaka karani aikimbie. Amwinue mteja baada ya dakika 20. Au afunge, na fremu ichukuliwe na muuza simu, ambaye bidhaa yake yote inaenea kwenye kabati moja na mteja wake hahitaji kiti. Tembea Mtaa wa Samora au Uhindini uhesabu maduka yenye viti na yasiyo na viti, utaiona hesabu hiyo kwa macho. Hakuna ladha ya kijana iliyoingia humo. Mkahawa ni biashara inayouza muda wa kukaa, na muda wa kukaa ndicho kitu ambacho pango la soko halikivumilii.

Tena haraka ya kupandisha minara haikula migahawa peke yake. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Msiba ule unapaswa kukaa mbele ya kila mjadala wa urithi wa mji huu. Ardhi ikithaminiwa kuliko walio juu yake, meza za marumaru ndizo hasara ndogo kuliko zote.

Wanaodai kwamba watu wamebadilika, kwamba siku hizi kila mtu ana simu na hana muda wa soga, nawaomba watoke usiku wakaone. Muuza kahawa bado yupo, dele lake la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo vya kaure vikisuuzwa kwenye ndoo, kashata kwenye bakuli. Wamemzunguka watu kwenye mabenchi ya mbao, wengine wamekalia matofali na makreti ya soda. Wanacheza bao au drafti kwa vizibo vya chupa. Wanachambua hotuba ya jana, bei ya mafuta, usajili wa Simba na Yanga. Vilabu hivyo viwili, kimoja cha 1935 na kingine cha 1936, vilianzishwa na vijana waliokuwa wakikutana mitaani, na mashabiki wake wanaendelea kukutana huko huko. Hamu ya kukaa na kuzungumza haijapungua hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba imefukuzwa ndani ya majengo ikahamia ukingoni mwa barabara.

Na huko ukingoni pia haina hakika ya kesho. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kando ya barabara za mji. Pamoja na vibanda vya nguo na viatu, yaliondoka magenge ya chai na meza za mama lishe ambako mbeba mizigo, dereva wa bodaboda na mwanafunzi wa chuo walikuwa wakila kwenye benchi moja. Hoja ya kuwaondoa ilikuwa na uzito wake: watembea kwa miguu walikuwa hawana pa kupita. Lakini nilitazama ni nani aliyelia. Wale wale waliokuwa na machozi kwa ajili ya dari refu na sakafu ya terazo wengi wao walisifu usafi. Mkahawa uliokufa miaka 30 iliyopita ulipewa mashairi. Uliokuwa hai wiki ile haukupewa hata sentensi. Mapenzi ya namna hiyo kwa mji yanachagua. Yanapenda mahali pa kukutana pakishakuwa picha, yanapachukia pakiwa na jasho na kelele.

Ndiyo maana sina imani na mikahawa mipya ya sura ya kale inayotolewa kama dawa. Mtu akitaka kupamba biashara yake kwa saa za zamani, redio za mbao na picha za Mnara wa Saa, ni haki yake, na kazi ya mafundi seremala wanaotengeneza viti hivyo inastahili heshima. Tatizo linaanza pale tunapokubali kuuita huo ni urithi uliookolewa. Kikombe kikiuzwa kwa bei ya mlo wa siku nzima wa familia ya Mbagala, ukumbi huo umeirithi Kaiserhof, haukuirithi migahawa ya Uhindini. Umerudisha mlango unaochuja watu, safari hii kwa bei.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani wangu ni nyingine, nami sitaikwepa. Watasema: jengo lina thamani yake lenyewe, hata kama halina mtu. Ukumbi wa zamani ni elimu. Unatufundisha namna mafundi wa hapa walivyopitisha upepo bila kiyoyozi, walivyokinga jua kwa vibaraza na madirisha ya mbao yenye vipande, walivyoinua dari juu ili joto lipande. Ukivunja na kuweka jipsamu na vioo vya aluminiamu, umechoma kitabu ambacho hakikunakiliwa.

Nakubali kila neno la hoja hiyo, na ninaiongezea. Mojawapo ya kumbi za kihistoria zilizo bora zaidi katika mji huu haina uhusiano na chai ya kikoloni hata kidogo. Ni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu Beda Amuli, lenye paa la zege lililosimama kama safu ya miavuli iliyopinduliwa, lenye kukusanya maji ya mvua na kuruhusu hewa ipite juu ya maelfu ya wanunuzi. Moto ulipoliunguza Julai 2021, hasara ilikuwa ya usanifu na ya riziki kwa pamoja. Lakini liangalie soko hilo kwenye orodha za wanaoililia Dar es Salaam ya zamani. Halionekani mara nyingi, kwa sababu wanaolitumia hawafanani na watu wa picha zile.

Hata hivyo, jengo kutambuliwa tu hakulilindi. Sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940. Ni jambo jema. Lakini mlango ukilindwa na mwenye duka nyuma yake akapandishiwa pango, tutabaki na mlango. Zanzibar inatuonya zaidi. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikuwa taji lake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka wakati likikarabatiwa, na watu wakafa. Sifa ya dunia nzima haikuzishika kuta zake. Na mitaani kuzunguka hapo, nyumba nyingi zilizokarabatiwa vizuri zimekuwa hoteli za wageni, na familia zimehamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Vitanda vya samadari vipo, makasha ya shaba yapo. Anayelala humo yupo kwa siku tatu.

Kwa hiyo jengo linahitaji mtu wa kulitumia kila siku, mwenye sababu ya kuziba tundu la paa kabla ya masika. Huyo ndiye mhifadhi wa kweli. Mpangaji aliyehakikishiwa miaka 20 atapaka rangi. Mpangaji wa miezi sita atafungasha.

Na katika kuvitetea vijiwe sitavisafisha kuliko vilivyo. Vijiwe vingi vya kahawa ni vya wanaume, kama migahawa mingi ya zamani ilivyokuwa ya wanaume. Mwanamke anapita, hakai. Hili nalo picha za kale zinatuficha, kwa kutuzoesha kuamini kwamba mahali pa kukutana mjini pamekuwa mkahawa tangu mwanzo. Historia ya Dar es Salaam inakataa. Mwaka 1955 TANU, chama cha kupigania uhuru, ilipotaka wanawake, haikuwapata mezani. Ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba, naye akapita kwenye vikundi vya lelemama na kwa wauza pombe na vitumbua, akaandikisha wanachama kwa wingi. Nguvu kubwa kuliko zote za siasa ya uhuru zilikusanyika uani na kwenye ngoma. Atakayetaka kuurudishia mji nafasi za kukutana aanze na kumbukumbu hiyo: benchi la kivuli ambalo mama anaweza kukaa bila kuulizwa anasubiri nini lina thamani kuliko nakala 100 za mkahawa wa 1950.

Mfano wa kufanya kazi hii vizuri upo jirani. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, jumba la nguzo na ngazi pana, na kwa takriban miongo mitatu ilikuwa ya Wazungu peke yao. Wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017 na kushirikiana na kaunti kuifufua pamoja na matawi yake. Hawakuanza na nguzo za McMillan. Walianza na matawi ya Kaloleni na Makadara, mitaa ya wafanyakazi, wakayarudisha kwa watoto na wazee wa pale. Swali lao la kwanza lilikuwa nani ataingia, na ukarabati ukafuata jibu. Sisi tumezoea kuanza na ukarabati, kisha tunashangaa ukumbi ukiwa mtupu.

Ninachokidai basi kinahesabika. Kila mradi wa ubia kwenye ardhi ya umma utenge sehemu ya ghorofa ya chini kwa wapangaji waliokuwepo, kwa pango linalopanda polepole na mkataba wa miaka, kipaumbele kikiwa kwa biashara zenye viti. Kabla ya kibali cha kubomoa kutolewa, ndani ya jengo kupimwe, kuchorwe na kupigwe picha, na kumbukumbu hizo ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi yeyote wa usanifu atazisoma. Vibaraza vilivyozibwa kwa vioo virudishwe kwa wapita njia. Muuza kahawa na mama lishe wapewe sehemu rasmi zenye maji, kivuli na mabenchi, katikati ya mji na si pembezoni ambako hakuna mteja. Na bodi zinazoamua kipi ni urithi ziwe na wapangaji ndani yake, pamoja na wasanifu na wanahistoria.

Hayo yote yanawezekana, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi inayozungumziwa bado ni ya umma. Ni mali yetu, na tuna haki ya kusema itumikeje. Anayeupenda mji huu wa zamani kwa dhati aende kwenye vikao vinavyopanga pango na kuuliza maswali ya pango. Ajue jina la mpangaji wa mwisho anayeuza chai katika mtaa wake na mkataba wake unaisha lini. Huyo mpangaji bado yupo hai, anafungua saa 12 asubuhi, na notisi yake inaweza kufika mwezi ujao. Machozi tuliyonayo tuyaache. Kinachomfaa ni sauti zetu, na zinamfaa kabla notisi haijafika.